SOMO KWA WANACHAMA: DAFTARI LA VIPIMO VYA SEVA NA NAMNA YA KULIPANGA



Katika kurasa hizi tumezoea kusomeshana juu ya miche, uchumaji na uanikaji. Mara hii twaomba ruhusa yenu tusomeshane jambo la afisini. Madaftari ya chama siku hizi hayakai kabatini peke yake. Yamo ndani ya seva, yaani kompyuta moja inayozihudumia kompyuta nyingine zote. Uzito wa karafuu za kila mwanachama, tarehe aliyozipimisha na fedha anazodai, yote yamo humo. Basi mwenye haki yake ndani ya daftari ana haki pia ya kujua daftari hilo linaangaliwa namna gani.

Somo lenyewe ni kuipanga programu inayopokea vipimo vya seva na kuvichora, ili mtu apate kuona kwa macho hali ya mashine ya leo, ya jana na ya mwaka uliopita. Vijana wetu wanaosoma kompyuta watafaidika na maelezo ya kazi. Wazee ambao hawatagusa mashine watafaidika na maana yake, nao ndio watakaouliza maswali mkutanoni.

KWA NINI SEVA IPIMWE

Dasturi yetu wanadamu, foleni ikisimama kituoni siku ya mavuno, lawama humwangukia kijana aliyesimama mbele ya mizani. Mmoja atasema ni mvivu, mwingine atasema hajui kazi. Huenda ni kweli. Na huenda yeye aliandika kilo zake kwa wakati, ila seva ndiyo iliyokuwa haijibu. Pasipo kipimo hapana awezaye kumhukumu wala kumtetea.

Lakini kuna jambo jingine lililo zito kuliko hilo. Kipimo kilichopangwa vibaya hutoa ushahidi wa uongo, na ushahidi huo ni mbaya kuliko kukosa shahidi, kwa sababu watu huuamini mchoro. Ndiyo sababu somo hili halishughuliki sana na uzuri wa picha. Lashughulika na mpangilio wa kuhifadhi, kwani hapo ndipo inapoamuliwa kabla ya siku ya mashaka ni khabari gani itakumbukwa na ni ipi itakayopotea.

VYOMBO VINNE

Programu tuliyoichagua huitwa Graphite. Ilianzwa mwaka 2006 na Chris Davis, alipokuwa akifanya kazi Orbitz, kampuni ya Marekani inayouza tiketi za safari kwa intaneti. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliridhia itolewe kwa watu wote chini ya leseni ya Apache 2.0. Kwa hiyo mtu huichukua, huisimika katika kompyuta yake mwenyewe, na huitumia bila kulipa ada. Vipimo vyake havipelekwi kwa mtu mwingine, hubaki kwa mwenyewe. Ziko programu nyingine za kazi hii, kama vile Prometheus na Grafana, na hiyo Grafana yaweza hata kuchora vipimo vilivyohifadhiwa na Graphite. Sisi tumeichagua Graphite kwa kuwa mpangilio wake husomeka kama daftari, na mwenye kuifahamu hatapotea katika hizo nyingine.

Kazi yake hugawika kwa vyombo vinne. Cha kwanza ni mpimaji, anayekaa ndani ya seva na kuangalia prosesa inafanya kazi kiasi gani, kumbukumbu imetumika kiasi gani na diski imebakiwa na nafasi gani. Kazi hii yafanywa vizuri na programu iitwayo collectd, ambayo kwa kawaida yake hupima kila baada ya sekunde 10. Cha pili ni karani wa kupokea, jina lake Carbon, anayesikiliza katika mlango namba 2003. Cha tatu ni daftari lenyewe, jina lake Whisper, ambamo kila kipimo kina faili yake. Cha nne ni mchoraji, yaani graphite-web, ambaye hufunguliwa kwa kivinjari kama tovuti nyingine yoyote.

Khabari inayotoka kwa mpimaji kwenda kwa karani ni mstari mmoja tu wenye mambo matatu: jina la kipimo, kiasi chake na wakati wake. Kwa mfano:

    afisi.diski.bure 98.5 1767250800

Nukta zilizomo katika jina hugawa kama tunavyogawa mkoa, wilaya na shehia. Namba ya mwisho ni hisabu ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia. Hiyo tuliyoiandika ni saa nne asubuhi ya tarehe 1 Januari 2026 kwa saa zetu. Hapana siri zaidi ya hiyo. Chochote kiwezacho kuandika mstari wa namna hiyo chaweza kupeleka kipimo.

JAMBO LA KWANZA: MUDA WA KUHIFADHI

Ukiisimika Graphite kwa njia iliyoelezwa na watengenezaji wake, faili za mpangilio huwekwa katika saraka /opt/graphite/conf. Humo mna mifano ambayo majina yake yanaishia kwa neno example. Mtu huinakili na kuliondoa neno hilo. Ya kwanza kuitazama ni storage-schemas.conf, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka.

Mfano uliomo unasema kila kipimo kihifadhiwe mara moja kwa dakika, kwa muda wa siku moja. Siku moja tu! Basi mtu husimika, huona mistari inapanda na kushuka, hufurahi, na kwenda zake. Kesho yake ya jana yamekwishafutwa. Tena kwa kuwa mpimaji hupeleka kila sekunde 10 na daftari lina nafasi moja kwa kila dakika, katika vipimo sita huhifadhiwa kile cha mwisho peke yake. Vitano vya kwanza hupotea bila ya taarifa.

Sasa tazameni hasara yake. Tuseme diski ya seva imebakiwa na nafasi ya gigabaiti 100, na kila siku yapungua nusu ya gigabaiti. Baada ya siku 200 itajaa, na diski ikijaa hifadhi ya data haiwezi kuandika tena. Karani atapima karafuu, ataandika, na maandishi hayataingia. Lakini katika mchoro wa siku moja mstari umetoka 100 kufika 99 na nusu. Jicho litauona umenyooka kama uzi uliovutwa. Katika mchoro wa miezi mitatu mteremko ungeonekana na mtoto mdogo, na chama kingepata nafasi ya kununua diski kwa bei ya kawaida, si kwa bei ya siku ya msiba.

Kwa afisi kama yetu twapendekeza mpangilio huu:

    [chama]
    pattern = .*
    retentions = 10s:1d,1m:30d,1h:5y

Neno pattern laonyesha ni vipimo vya majina gani vinavyohusika, na alama zilizofuata maana yake ni vyote. Neno retentions laonyesha kurasa tatu za daftari. Ukurasa wa kwanza huhifadhi kila sekunde 10 kwa siku moja. Wa pili huhifadhi kila dakika kwa siku 30. Wa tatu huhifadhi kila saa kwa miaka mitano. Khabari ikichakaa katika ukurasa wa kwanza haipotei yote, kwa kuwa ufupisho wake umekwishaandikwa katika ukurasa unaofuata.

Kuna masharti matatu ya kutimizwa. Kwanza, kipindi cha ukurasa mrefu sharti kigawanyike sawasawa kwa kipindi cha ule mfupi wake: sekunde 60 kwa 10 ni mara 6, na sekunde 3,600 kwa 60 ni mara 60, hakuna kinachobaki. Pili, kila ukurasa unaofuata sharti uchukue muda mrefu kuliko uliotangulia. Tatu, ukurasa mfupi sharti uwe na vipimo vya kutosha kutengenezea japo kimoja cha ukurasa unaofuata. Mpangilio wetu watimiza yote matatu.

Na ukubwa wake je? Hisabu hii ni nyepesi, kila mwanachama aweza kuifanya. Kila kipimo katika Whisper huchukua baiti 12. Siku moja ya sekunde kumi-kumi ina vipimo 8,640. Siku 30 za dakika zina 43,200. Miaka mitano ya saa ina 43,800. Jumla ni 95,640, na ukizidisha kwa 12 wapata baiti 1,147,680, ukiachilia mbali vichwa vya faili ambavyo ni baiti chache. Yaani kila jina la kipimo huchukua kiasi cha megabaiti moja na kidogo. Vipimo 200 ni kama megabaiti 230. Faili hizi kwa kawaida hutengwa ukubwa wake wote tangu siku ya kwanza, na haziongezeki tena. Kwa hiyo mwenye kupiga hisabu leo hatashtushwa kesho.

Angalieni mambo mawili. Faili hii husomwa kutoka juu kwenda chini, na kifungu cha kwanza kinacholingana na jina ndicho kinachoshika. Ukikiweka juu kifungu cha vyote, vifungu maalumu vilivyo chini yake havitasomwa kamwe. La pili ndilo kubwa: ukibadilisha mpangilio huu baadaye, hubadilika kwa vipimo vipya tu. Faili zilizokwishaundwa hubaki kama zilivyokuwa, mpaka uzibadilishe kwa chombo kiitwacho whisper-resize.py. Na hicho chombo hakiwezi kurejesha yaliyokwishafutwa. Ndiyo maana twasema daftari lipangwe kabla ya mpimaji kuanza kupima.

JAMBO LA PILI: NAMNA YA KUFUPISHA

Tumesema ukurasa wa pili ni ufupisho wa ule wa kwanza. Lakini kufupisha kuna njia nyingi. Chukueni daftari la mizani. Mwanachama akiuliza, "Mwezi huu tumepokea kilo ngapi?" jibu lake ni jumla. Akiuliza, "Siku kubwa kuliko zote tulipokea ngapi?" jibu lake ni kilele. Akiuliza, "Jana jioni yalibaki magunia mangapi ghalani?" jibu lake ni hisabu ya mwisho ya siku. Karani atakayeyajibu maswali yote matatu kwa wastani atakuwa hakujibu hata moja.

Graphite kwa kawaida yake hufanya hivyo hivyo: kila kitu hukifupisha kwa wastani, isipokuwa yale majina yenye alama maalumu yaliyotajwa katika faili ya pili, storage-aggregation.conf. Humo mtu huchagua njia kwa neno aggregationMethod: average ni wastani, sum ni jumla, max ni kilele, min ni cha chini kabisa, na last ni cha mwisho.

Turudi kwa kijana wa mizani. Tuseme katika saa moja ya siku ya mavuno prosesa ya seva ilifanya kazi kwa asilimia 10 kwa muda wa dakika 55, na kwa dakika 5 ilizidiwa ikafika asilimia 100, foleni ikasimama. Hisabu ya wastani: 55 mara 10 ni 550, na 5 mara 100 ni 500. Jumla ni 1,050, gawa kwa 60, wapata 17 na nusu. Mwezi wa pili, mkutano utakapokaa kulisikiliza shauri hilo, ukurasa wa dakika utakuwa umekwishapita, na ukurasa wa saa utasema seva ilifanya kazi kwa asilimia 17 na nusu. Kila mtu atasema mashine ilikuwa imekaa bure, kwa hiyo kosa ni la kijana. Ufupisho wa kilele ungesema 100, na mkutano ungejua kwamba saa hiyo mashine ilizidiwa. Hisabu zote mbili ni sahihi. Moja tu ndiyo inayojibu swali lililoulizwa.

Faili moja ya Whisper ina njia moja tu ya kufupisha. Basi mwenye kutaka wastani na kilele kwa pamoja akipeleke kipimo kile kile kwa majina mawili. Katika mpangilio wa collectd, katika sehemu ya write_graphite, huandikwa vifungu viwili vya Node vinavyoelekea kwa karani yule yule, kimoja kikiwa na Prefix ya "wastani." na cha pili "kilele.". Kisha katika storage-aggregation.conf, juu ya vifungu vingine, huongezwa:

    [kilele]
    pattern = ^kilele\.
    xFilesFactor = 0
    aggregationMethod = max

Kwa njia hii faili zitakuwa mara mbili, na hisabu ya diski tuliyoifanya izidishwe kwa mbili. Ni gharama ndogo kwa faida yake.

Lakini chungeni mnapima nini. Mpimaji kwa kawaida hueleza pia muda ambao prosesa imekaa bure, na kilele cha kukaa bure si kilele cha kazi. Katika sehemu ya cpu ya collectd, ukiandika ReportByCpu false na ReportByState false, utapata kipimo kimoja cha asilimia ya kazi iliyofanywa, nacho ndicho kinachofaa kutafutiwa kilele. Kwa nafasi iliyobaki katika diski, kinachotafutwa ni cha chini kabisa ama cha mwisho. Kwa hisabu ya maandishi yaliyoingizwa, ni jumla. Na hicho cha jumla kipelekwe mara moja tu kwa kila kipindi, kwa kuwa vikija viwili ndani ya sekunde kumi zile zile, cha pili hukifuta cha kwanza.

JAMBO LA TATU: UMEME UKIKATIKA

Katika kifungu tulichokiandika mna neno xFilesFactor. Maana yake ni hii: ili ufupisho uandikwe, ni sehemu gani ya vipimo iwe imepatikana. Kawaida yake ni 0.5, yaani nusu. Ni kama karani anayesema, "Sitoi hisabu ya wiki ikiwa siku zilizoandikwa hazikufika nusu." Kwa wastani, huo ni uangalifu mzuri. Wastani wa siku moja hauwezi kuitwa wastani wa wiki.

Kwa kilele mambo ni mengine. Tuseme umeme umekatika kwa dakika 40 katika saa moja. Vimebaki vipimo 20 katika 60, havikufika nusu, na saa nzima itaachwa tupu katika ukurasa wa miaka mitano. Lakini huenda katika dakika zile 20, kabla ya umeme kukatika ama mara baada ya kurudi, ndimo mlimokuwa na tatizo. Ndiyo sababu katika kilele tumeandika 0: hata kipimo kimoja kikipatikana, kiandikwe. Na katika wastani tumeiacha nusu ile ile. Mwenye kuona pengo katika mchoro asilizibe kwa dhana. Pengo ni khabari ya kweli nalo, latuambia kwamba saa hiyo hakuna aliyepima.

JAMBO LA NNE: KUCHORA PASIPO KUFICHA

Huenda daftari likapangwa vizuri na mchoraji akaficha. Mchoro wa siku 30 kwa dakika una vipimo 43,200. Ikiwa picha ina upana wa nukta 800, kila nukta yapaswa kubeba vipimo 54. Mchoraji hufanya nini? Huchukua wastani wao, bila ya kuuliza. Kilele tulichokihifadhi kwa taabu hupunguzwa tena mbele ya macho yetu.

Dawa yake ni kumwambia wazi. Katika kuomba mchoro, jina la kipimo huzungushiwa amri iitwayo consolidateBy, hivi:

    consolidateBy(kilele.afisi.cpu.percent-active,"max")

Hapo neno afisi ni jina la mashine inayopimwa. Kwa amri hiyo vipimo 54 vitatoa kilele chao, si wastani. Tena yafaa kila mchoro utakaobandikwa ubaoni uandikwe chini yake maneno mawili: ni wastani ama ni kilele, na ni wa muda gani. Mchoro usio na maelezo hayo usiletwe mkutanoni.

JAMBO LA TANO: SAA NA MILANGO

Mpangilio wa tovuti yenyewe umo katika faili iitwayo local_settings.py, ndani ya saraka ya graphite-web. Mambo matatu yatazamwe kabla ya kuifungulia watu.

La kwanza ni TIME_ZONE. Isipoandikwa, programu hufuata saa za America/Chicago. Jambo lililotokea kwetu saa nne asubuhi litaonekana limetokea saa saba usiku, au saa nane kutegemea msimu wao, na kijana wetu ataulizwa kwa saa ambayo alikuwa amelala. Iandikwe Africa/Dar_es_Salaam. Na kwa kuwa mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, msomaji akumbuke kwamba 10:00 ya mchoro ni saa nne yetu ya asubuhi.

La pili ni SECRET_KEY, ufunguo ambao tovuti hutumia kulinda watu walioingia. Programu huja na neno ambalo ulimwengu mzima unalijua. Libadilishwe liwe refu, lisilobashirika. Pamoja nalo, ALLOWED_HOSTS huja ikiruhusu jina lolote. Liandikwe jina la tovuti yetu peke yake.

La tatu ni ule mlango namba 2003. Karani wa Carbon haulizi jina wala neno la siri. Yeyote awezaye kuufikia mlango huo aweza kuandika kipimo chochote, na daftari litakipokea kama kweli. Katika carbon.conf, LINE_RECEIVER_INTERFACE huja ikiwa 0.0.0.0, maana yake asikilize kila upande. Ikiwa mpimaji na karani wako katika mashine moja, iandikwe 127.0.0.1. Ikiwa wako mbalimbali, ukuta wa moto wa kompyuta uruhusu anwani ya seva yetu tu. Daftari ambalo mpita njia aweza kuliandika halifai kuwa ushahidi wa mtu.

Tukisema mbalimbali, hilo ndilo bora. Mlinzi asilale ndani ya ghala analolilinda. Ikiwa daftari la vipimo liko katika diski ile ile inayojaa, siku ya kujaa nalo litanyamaza, tena siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiihitaji. Kompyuta ndogo ya pili yatosha kwa afisi kama yetu.

NANI ATAZAME

Graphite huandika na huchora, lakini yenyewe haipigi kengele. Zipo programu za kuongezea zitakazotuma ujumbe nafasi ya diski ikishuka chini ya kiasi fulani, na hiyo Grafana tuliyoitaja ni mojawapo. Hata hivyo twaona ni vyema chama kiweke dasturi yake: kila wiki mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aitazame michoro mitatu, wa diski kwa miezi mitatu, wa kilele cha prosesa kwa siku 30, na wa maandishi yaliyoingizwa kwa wiki, kisha aandike mstari mmoja katika daftari la afisi. Na iwe wazi kwamba kinachopimwa ni mashine, si watu. Michoro hii isigeuzwe fimbo ya kumchapia karani. Faida yake kwake ni kwamba asihukumiwe kwa kosa ambalo si lake, na akikosea kweli ijulikane ni saa ngapi na kwa namna gani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mpangilio wa 1m:7d,1h:1y utachukua baiti ngapi kwa kipimo kimoja, ukiachilia mbali vichwa vya faili, na mwaka ukiwa siku 365?

2. Kwa nini mpangilio wa 10s:1d,25s:30d haukubaliki?

3. Katika saa moja prosesa ilifanya kazi kwa asilimia 5 kwa dakika 50, na kwa asilimia 95 kwa dakika 10. Wastani ni ngapi, na kilele ni ngapi? Ni kipi utakachokipeleka mkutanoni, na kwa swali gani?

4. Nafasi ya diski ni gigabaiti 60, na hupungua robo ya gigabaiti kila siku. Itajaa baada ya siku ngapi, na ni mchoro wa muda gani utakaokuonyesha hayo mapema?

Mwenye majibu na ayalete afisini siku yoyote ya kazi, na mwenye kutaka kuona faili zenyewe ataonyeshwa. Kabla ya kuanza kupima, twaomba kila kituo kituletee kwa maandishi maswali ambayo kingependa seva iweze kuyajibu baada ya mwaka mmoja. Tutayapanga madaftari kwa maswali hayo, kwa kuwa lisilohifadhiwa leo halitapatikana siku ya shauri.

Katibu wa Chama